Karani wa Hesabu na Kwaya ya Kusini

Historia ya taifa letu imeandikwa zaidi kwa majina ya viongozi, mashujaa na watunzi mashuhuri. Hilo ni jambo jema, kwa maana taifa lisilowakumbuka wakuu wake halijui lilikotoka. Lakini wako watumishi wengine ambao kazi yao haikuacha majina. Imeacha tarakimu na sauti. Mmoja wao ni karani wa hesabu, yule mtumishi wa serikali aliyeshika daftari akapita mlango hadi mlango akiuliza idadi ya watu, mifugo na miti ya mazao, kisha jioni akasimama mbele ya kwaya akawapa waimbaji sauti ya kuanzia.

Katika mkoa wa Mtwara, tangu Msimbati na delta ya Ruvuma hadi Mikindani, uwanda wa juu wa Wamakonde na vilima vya Masasi, kazi hizo mbili aghalabu zilifanywa na watu wa tabaka moja, yaani walimu na makarani. Katika makala haya hatumwelezi mtu mmoja kwa jina lake. Tunaeleza maisha ya watumishi wa namna hiyo kwa jumla, na historia iliyowazaa. Jambo tunalotaka kulionyesha ni hili: hesabu ya watu haiwi ya kweli mpaka anayehesabiwa amwamini anayehesabu, na mpaka kumbukumbu yake isikilizwe. Huku kusini wimbo ulisaidia sana kuitunza kumbukumbu hiyo na kuijenga imani hiyo.

Hesabu ya mtawala

Wazee wetu hawakuwa wageni wa hesabu. Bandari ya Mikindani ilifanya biashara ya pembe za ndovu, sandarusi na mpira, na kwa masikitiko makubwa ilifanya pia biashara ya watumwa. Mfanyabiashara wa pwani aliijua vyema methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini tuitazame methali hiyo kwa makini. Inataja mali, haitaji watu. Aliyeingizwa katika daftari la mfanyabiashara pamoja na pembe na sandarusi alikuwa mtumwa, naye aliingizwa kwa sababu alikuwa amekwisha kufanywa mali. Basi si ajabu kwamba kuhesabiwa kulikuwa na sura mbaya machoni pa watu.

Utawala wa Kijerumani haukuiondoa sura hiyo. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kodi ya nyumba, na tangu hapo nyumba ilihesabiwa ili ilipiwe. Asiyeweza kulipa kwa fedha alilipa kwa kazi. Katika nchi ya uwanda wa Makonde, Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa amekwisha kuwakatalia Wajerumani utii mwaka 1890, aliendelea kuwapinga hadi mwaka 1899. Majeshi yalipotumwa kumwandama alivuka mto Ruvuma pamoja na watu wake, akaingia Msumbiji. Kwa wakazi wa kando ya Ruvuma, kuuvuka mto ilikuwa njia mojawapo ya kuyakimbia madaftari ya mtawala. Mpaka wenyewe nao haukutulia: pembe ya Kionga, iliyo kwenye mlango wa mto, ilitwaliwa na Wajerumani kutoka kwa Wareno mwaka 1894, na Wareno wakairudisha mwaka 1916. Mtu aliweza kuzeeka katika kijiji kimoja na kuhesabiwa raia wa dola mbili.

Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 vinatufundisha jambo jingine. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba Waafrika waliokufa kwa vita na njaa walikuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, baada ya kuyapeleleza mambo hayo kwa wazee, alikadiria kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo si kosa dogo la kujumlisha. Ni umma wa watu walioondoka duniani bila kuandikwa popote.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza. Mapigano makali yalifanyika Mahiwa mwezi Oktoba 1917, na mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani likavuka Ruvuma. Nyuma ya askari wa pande zote mbili walikuwako wapagazi, waliochukua mizigo na kufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao. Huyo ndiye mtu wa kusini alivyotendewa na hesabu ya kikoloni: alihesabiwa alipotakiwa kulipa na kubeba, akasahauliwa alipokufa.

Sauti kabla ya kwaya

Huku mtawala akiandika nyumba, wenyewe wenye nyumba walikuwa na daftari lao, nalo lilikuwa ngoma na wimbo. Kuimba kwa watu wa kusini, kama kulivyo kwa Waafrika wengi, ni kuimba kwa kuitikizana. Mmoja hutoa, wengi hupokea. Nyimbo za jando na unyago zilifundisha vijana wajibu wao na kuwakumbusha walizaliwa na nani na waliingia utu uzima pamoja na akina nani. Nyimbo za kilimo zilipanga mapigo ya majembe. Sindimba ya Wamakonde, ambayo leo yajulikana nchi nzima, na michezo yao ya vinyago vya mapiko, ilikuwa na watungaji waliosimulia mambo yaliyotokea kijijini, ya aibu na ya sifa. Katika miji ya pwani kama Mikindani maulidi na kasida vilikusanya vijana wa madrasa wakajifunza kuanza pamoja, kupumua pamoja na kumaliza pamoja.

Mwaka 1906, wakati moshi wa Majimaji haujatoweka, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule alifika Lindi, akapanda hadi Masasi, Newala na Mahuta. Alikuja kuwachunguza watu na kukusanya vitu vyao kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Pamoja na vifaa vyake alichukua mashine ya kunasia sauti katika vibomba vya nta. Hivyo baadhi ya nyimbo za kusini zikawa miongoni mwa sauti za kwanza za nchi yetu kunaswa na chombo. Twaona hapa hesabu na wimbo vikikutana, lakini vikikutana mikononi mwa mgeni. Aliyeimba hakuwa na sauti katika kuamua wimbo wake ungepelekwa wapi.

Kwaya ya sauti nne ililetwa na misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Vyuo Vikuu, yule yule aliyeandika vitabu vya Kiswahili huko Unguja, alileta kundi la watumwa waliokombolewa na kuanzisha kijiji Masasi. Miongoni mwa matunda ya misheni hiyo ni Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani, ambaye mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufikia daraja hilo, akafanya kazi Chitangali. Upande wa Wakatoliki, Wabenediktini walianza Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vituo hivyo viwili viliharibiwa katika Majimaji, na mwaka 1906 wakaanzisha Ndanda, iliyokuja kuwa kituo kikubwa cha dini, tiba, elimu na uchapaji.

Katika shule hizo kijana alijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: hesabu ya namba na hesabu ya sauti. Muziki ulifundishwa kwa herufi za do, re, mi zilizoandikwa kwa chaki ubaoni, mapigo yakitengwa kwa nukta na vistari. Mwanafunzi alipaswa kuhesabu mapigo kimoyomoyo hata wakati anaponyamaza, maana asiyehesabu kimya chake huingia kabla ya wakati na kuuharibu wimbo. Waimbaji waligawanywa, na hadi leo katika kwaya zetu husemwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kijana aliyezoea mpango huo hakupata shida alipokabidhiwa daftari lenye safu na mistari.

Hata hivyo, tusifiche upungufu wa mafunzo hayo. Wamisionari wengi waliipiga marufuku ngoma na kuiita ya kishenzi. Wachache walitambua hekima iliyomo katika mila, kama vile Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyeongoza dayosisi hiyo tangu mwaka 1926 hadi 1944, naye alijaribu kuliingiza jando ndani ya Ukristo badala ya kulifuta. Kadhalika, tuni za Ulaya zilipovikwa maneno ya Kiswahili zilivuruga mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni ngeni ilikaza ilipopenda, na neno likasikika kama limevunjwa mguu. Padri Stephen Mbunga, mtunzi wa nyimbo kutoka upande wa Songea, alilichunguza tatizo la muziki wa kanisa na muziki wa Kibantu katika kitabu alichokitoa mwaka 1963. Wakati huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika tangu 1962 hadi 1965, ulikuwa ukifungua mlango kwa lugha na ala za wenyeji katika ibada.

Maisha ya karani

Kijana aliyetoka shule ya misheni au ya serikali akiwa na mwandiko mzuri aliingia kazini kuwa karani. Huenda alipelekwa bomani, forodhani Mikindani, hospitali, au ofisi ya kilimo. Kazi yake ilikuwa kukusanya taarifa ndogo ndogo: mvua iliyonyesha, magunia yaliyopimwa, watoto waliochanjwa, kodi iliyopokelewa. Mwisho wa mwezi alizijumlisha na kuzituma kwa wakubwa. Yeye hakuonyeshwa zilivyotumika. Alikuwa kama mwimbaji wa sauti ya nne ambaye hujifunza mstari wake peke yake na hajausikia wimbo mzima.

Maisha hayo yalikuwa na upweke wake. Karani alihamishwa kutoka kituo hadi kituo, mbali na jamaa, akakaa kati ya watu ambao lugha yao hakuijua na ambao walimwogopa kwa sababu ya daftari lake. Hivyo makarani walitafuta pa kukutania. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma ya beni, iliyoiga bendi na vyeo vya kijeshi, ilienea toka pwani hadi bara ikichukuliwa na askari, wapagazi na watumishi. Wengine walipenda vyama vya mijadala. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha mjini Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na wanahistoria hukihesabu miongoni mwa mizizi ya mwamko uliozaa vyama vya siasa. Na wengine wengi walipata makao katika kwaya.

Kwa nini kwaya? Kwanza, ilikuwa na nafasi kwa kila mgeni. Mmakua, Mwera, Mmakonde, Myao na Mngoni walisimama safu moja wakaimba Kiswahili. Pili, haikudai mali. Ilidai kuwahi na kusikiliza. Tatu, ilimrudishia karani heshima ambayo ofisi ilimnyima. Mchana aliitwa kwa amri, na jioni watu arobaini walimtazama mkono wake, na alipouinua wakanyamaza. Tena katika kwaya alijifunza jambo ambalo hakufundishwa ofisini: huwezi kumwongoza mtu usiyemsikia. Mwalimu wa kwaya anayezipenda sauti kubwa tu, asitege sikio kwa mnyonge aliye nyuma, hana kwaya, ana kelele.

Jamii hii ya watu haikuwa ya kusini peke yake. Katika Afrika ya Kusini, Enoch Sontonga, mwalimu aliyeongoza kwaya, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ilisafiri bara zima. Sisi tuliipokea kwa maneno ya Kiswahili, na Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ndiyo tuliyoiimba tukiwa taifa. Mwalimu mmoja mwenye kwaya ya watoto aliwapa mamilioni wimbo wa kusimamia.

Hesabu isiyosikiliza

Kusini palitokea mfano mkubwa wa hesabu isiyokuwa na masikio, nao haufai kusahauliwa na wanafunzi wetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitembelea nchi yetu kwa majuma machache, ukapendekeza kulima karanga kwa mitambo katika ekari 3,210,000. Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini ndiko kulikochaguliwa. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 25.

Karatasi zilikuwa safi na jumla zilikuwa sahihi. Lakini kumbukumbu za mvua zilikuwa chache, udongo haukupimwa vya kutosha, na wakulima waliokaa katika nchi hiyo maisha yao yote hawakuulizwa mvua huja lini na hukoma lini. Mizizi ya miti ilivunja majembe ya matrekta; jua liliugeuza udongo wa mfinyanzi ukawa kama matofali. Mwezi Januari 1951 mpango ulivunjwa, hasara ikiwa imefikia karibu pauni milioni 36. Reli iliyoanza kufanya kazi mwaka 1949 kwa ajili ya karanga za Nachingwea, na kufikishwa Mtwara, iling'olewa baada ya kufungwa mwaka 1962. Kilichobaki ni bandari yenye kina kirefu iliyofunguliwa Mtwara mwaka 1954, nayo imeufaa mkoa hadi leo.

Fundisho lake si kwamba tarakimu ni kitu kibaya. Fundisho ni kwamba tarakimu iliyokusanywa bila kumsikiliza mwenye nchi ni wimbo ulioandikwa vizuri na mtu asiyejua sauti za waimbaji wake.

Sensa ya taifa huru

Waingereza waliwahesabu watu mwaka 1921 na 1931, lakini hesabu hizo zilitegemea sana majumbe na orodha za kodi. Mwaka 1948, wakati ilipoanzishwa idara ya takwimu ya Afrika Mashariki, ilifanyika sensa ya kwanza kwa utaratibu wa kisasa, ikafuatiwa na ya mwaka 1957. Baada ya uhuru kazi hiyo ikawa yetu wenyewe. Mwaka 1965 kilianzishwa Dar es Salaam chuo cha kuwafunza watakwimu wa Afrika Mashariki, na tarehe 26 Agosti 1967, miezi sita baada ya Azimio la Arusha, ikafanyika sensa ya kwanza ya Tanzania huru. Watu walioandikwa walikuwa 12,313,469. Wakati huo mkoa wa Mtwara ulikuwa bado pamoja na Lindi. Ulitengwa mwaka 1971.

Hapo ndipo mwalimu na karani walipotokea tena, maana walimu walikuwa nguzo ya kazi ya kuhesabu. Tumfikirie karani wa sensa katika kijiji cha uwanda wa Makonde. Ana dodoso mkononi. Swali la jina ni rahisi. Swali la umri ni mlima. Mzee hakuzaliwa hospitali, wala hana hati. Watu wengi wakiulizwa miaka hutaja inayoishia na sifuri au tano, na matokeo yake vitabu vya sensa huonyesha watu tele wa miaka 40 na 50, na wachache mno wa miaka 41 au 49. Takwimu hiyo ikiachwa hivyo, mipango ya shule na zahanati hupotoka.

Dawa yake ni kalenda ya matukio. Karani humwuliza mzee: Wakati wa Majimaji ulikuwa umezaliwa? Waliporudi wapagazi kutoka vitani ulikuwa umeingia jando? Reli ya karanga ilipokuja ulikuwa na mtoto wa kwanza? Bandari ilipofunguliwa je? Bendera ya uhuru ilipopandishwa? Kwa njia hiyo umri hutafutwa kati ya tukio na tukio. Na tukio lenyewe limehifadhiwa wapi? Limehifadhiwa katika simulizi, na zaidi katika nyimbo. Bibi ambaye hawezi kutaja mwaka anaweza kuukumbuka wimbo ulioimbwa alipotoka unyagoni, na watu wa rika lake wataitikia. Kwa hiyo karani aliyezijua nyimbo za mahali pale alipata jibu la kweli zaidi kuliko karani aliyejua kuandika tu. Hesabu hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu hutunzwa na wimbo.

Tena kulikuwa na swali la kuaminiana. Kando ya Ruvuma, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwezi Septemba 1964 vilileta wakimbizi wengi na mashambulizi ya Wareno katika vijiji vya mpakani, hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mtu aliyevuka mto kwa mtumbwi, mwenye shamba la mpunga upande mmoja na wazazi upande wa pili, alikuwa na sababu ya kuogopa daftari. Swali la kwanza moyoni mwake lilikuwa: Huyu ananihesabu kwa ajili ya nani? Sisi twaona kwamba jibu halikutoka katika karatasi bali katika uso wa aliyesimama mlangoni. Alipokuwa ni mwalimu wa watoto wake, au mtu waliyeimba naye katika sherehe ya kijiji, mlango ulifunguliwa.

Kwaya kuwa mali ya taifa

Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere, akilihutubia Bunge, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba tulikuwa tumefundishwa kucheza ngoma za Wazungu huku tukizisahau zetu. Wapo waliouliza tangu hapo: Je, kwaya nayo si ya kigeni? Swali hilo ni la haki. Kwaya ya sauti nne ililetwa, kama ilivyoletwa sensa. Lakini kitu kilicholetwa kinaweza kufanywa chetu iwapo tunakitia maneno yetu, mapigo yetu na haja zetu. Baada ya Azimio la Arusha kwaya zilitoka makanisani na shuleni zikaingia viwandani, vijijini, jeshini na katika matawi ya TANU. Waislamu na Wakristo waliimba pamoja. Waliacha kusimama wima kama nguzo wakaanza kutikisika, na wimbo ukarudia desturi ya zamani ya mmoja kutoa na wengi kupokea. Ngonjera alizozieneza marehemu Mathias Mnyampala, mshairi aliyekuwa pia mtumishi wa serikali, zilikaa jukwaa moja na kwaya hizo.

Kazi ya kwaya ilionekana wazi katika kampeni za elimu. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Tarakimu hiyo ilitoka katika madodoso ikaingia katika nyimbo. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, madarasa yakafunguliwa chini ya miembe na mikorosho, na mtihani wa mwaka 1975 ukaonyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39. Hapo hesabu iliuliza, wimbo ukahimiza, hesabu ikarudi kupima.

Wakati mwingine tarakimu hutangulia kutuonya. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani zipatazo 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Karani wa mizani aliyeandika kupungua huko mwaka hadi mwaka alikuwa akiandika malalamiko ya wakulima: watu walihamishiwa vijijini mbali na miti yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaipiga mikorosho. Kama sauti hiyo ingesikilizwa mapema, hasara ingepungua.

Tangu hapo sensa zimefuatana mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ile ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi, Spika mstaafu Anne Makinda akiwa Kamisaa wa Sensa na Dakta Albina Chuwa akiwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Watu wa Tanzania walikuwa 61,741,120. Mkoa wa Mtwara, uliokuwa na watu 1,270,854 mwaka 2012, ulifikia watu 1,634,947. Vyombo vimebadilika, lakini mlango wa nyumba ni ule ule, na swali la anayehesabiwa ni lile lile. Ndiyo maana hata katika sensa hiyo nyimbo zilitangulia karani.

Wajibu wetu

Ndugu walimu na wanafunzi, tumeona kwamba katika mkoa huu mmoja watu wamehesabiwa kwa sababu nyingi: wauzwe, walipe, wabebe mizigo, na mwishowe wahudumiwe. Kilichobadilisha maana ya hesabu ni uhuru, na kilichoifanya hesabu ya uhuru ikubalike vijijini ni watumishi wadogo waliojua kuandika na kusikiliza pia.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Wazee wanaozijua nyimbo za matukio wanaondoka, na madaftari ya kwaya yaliyoandikwa kwa herufi za do, re, mi yanaliwa na mchwa katika makabati ya shule. Kila shule ya sekondari, Mtwara na kwingineko, yaweza kutengeneza kalenda ya matukio ya wilaya yake: mwalimu wa historia aongoze, mwalimu wa hisabati apange tarehe, na wanafunzi wawaendee wazee, waandike wimbo wa kila tukio pamoja na jina la aliyeuimba, wala wasirudie kosa la kuuchukua wimbo na kumwacha mwimbaji. Nasi twawaachia beti hili:

Mmoja ni namba moja, katika yetu hesabu,
Sauti nne zikija, huimbwa kwa taratibu,
Apungukapo mmoja, wimbo hukosa jawabu,
Taifa nalo hungoja, ajulikane ajibu.

Karani wa hesabu aliyeipenda kwaya hakujengewa sanamu, wala hatudai ajengewe. Inatosha tukifanya kazi yake kama alivyoifanya: tuandike kwa usahihi, na kabla ya kuandika tusikilize.